Muulizeni karani wa mapokezi kabla ya kutangaza zabuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mifumo ya kompyuta inayonunuliwa na hospitali, halmashauri, vyuo na vyama vya ushirika. Mfumo unazinduliwa, na baada ya miezi michache watumishi hawautumii, au wanautumia nusunusu. Maelezo huwa yaleyale: watumishi hawajazoea, waongezewe mafunzo. Mafunzo yanaandaliwa, posho zinalipwa, hali inabaki vilevile. Kazi yangu ni uchambuzi wa mifumo, na nasema bila kusita kwamba kasoro nyingi za aina hii huzaliwa kabla hata mstari mmoja wa programu haujaandikwa. Huzaliwa katika zile wiki ambazo mtumiaji alipaswa kuulizwa kazi yake inakwendaje, akaulizwa mtu mwingine.

Nitatumia idara ya wagonjwa wa nje, kwa sababu karibu kila msomaji wako amewahi kupanga foleni pale.

Kwa kawaida mambo huenda hivi. Mkandarasi akishapata zabuni, kinaitishwa kikao cha wadau cha siku mbili hotelini. Wanakuja mganga mfawidhi, mhasibu, wakuu wa idara, pengine na mfamasia. Kila mmoja anaulizwa angependa mfumo ufanye nini. Majibu yanaandikwa: usajili wagonjwa, upokee malipo, utoe ripoti. Orodha inasainiwa, mkandarasi anakwenda kujenga. Hakuna aliyedanganya katika kikao hicho. Ila mkuu wa idara anaeleza kazi jinsi mwongozo unavyotaka ifanyike, na aliyeko dirishani anajua inavyofanyika saa tatu asubuhi ya Jumatatu foleni ikiwa imefika getini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Taarifa zote mbili zinahitajika, na mara nyingi hazifanani. Mfumo uliojengwa kwa ile ya kwanza peke yake hukwama mapema.

Tazama mapokezi. Ukurasa wa usajili unadai jina la kwanza, la kati na la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, namba ya kitambulisho cha taifa, mtaa. Kila sehemu ina kinyota chekundu, yaani usipojaza huendelei. Anakuja bibi aliyeletwa na mjukuu wake. Umri anaukadiria, tarehe ya kuzaliwa hana. Nyuma yake kuna watu sitini, na ukurasa haumruhusu karani kupita. Karani anaandika tarehe 01/01 na mwaka wa kubahatisha. Anayefuata hana simu. Karani anaweka namba yake mwenyewe, au sifuri kumi mfululizo. Analetwa majeruhi wa bodaboda asiyejitambua, jina halijulikani. Kuna na kichanga kilichozaliwa usiku, bado hakijapewa jina.

Baada ya nusu mwaka fungua takwimu za mfumo kama huo uone umati uliozaliwa tarehe mosi Januari, na namba moja ya simu yenye wagonjwa mia. Si uzembe wa karani. Yeye alifanya jambo pekee ambalo ukurasa ulimwachia. Lakini madhara yake ni ya kweli: ujumbe wa kumkumbusha mgonjwa wa kifua kikuu siku yake ya kliniki unaingia kwenye simu ya karani. Na mtoto aliyezaliwa mwezi wa kumi na moja, akiandikiwa mosi Januari ya mwaka huohuo, kwenye kompyuta atatimiza miaka mitano miezi kumi kabla ya wakati wake, na msamaha wa malipo wa watoto walio chini ya miaka mitano utamkatikia wakati bado anaustahili. Mama atabishana na mhasibu, mhasibu atamwonyesha skrini.

Dawa yake ni ndogo. Weka sehemu ya umri kwa miaka, miezi au siku, pamoja na alama ya kuonyesha kuwa ni makadirio. Namba ya simu iwe ya hiari, na iandikwe ni ya nani: ya mgonjwa, ya mwana, ya jirani. Uwepo usajili wa dharura kwa namba ya muda, utakaounganishwa na jina mgonjwa akishajulikana. Kichanga kisajiliwe chini ya namba ya mama yake. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Yote karani anayajua.

Dirisha la dawa nalo lina yake. Daktari ameandika vidonge 30, mgonjwa ana fedha ya vidonge 15. Mtoa dawa anampa 15 na kumwambia arudi kuchukua vilivyobaki. Kwenye mfumo kuna vitufe viwili tu: imetolewa, haijatolewa. Akibonyeza cha kwanza, kompyuta inapunguza vidonge 30 huku kwenye rafu vimetoka 15. Wagonjwa ishirini wa namna hiyo kwa siku ni tofauti ya vidonge 300. Mwisho wa mwezi kompyuta inasema dawa imekwisha na kabati limejaa. Oda inatumwa kwa dawa iliyopo, na siku ya ukaguzi mtoa dawa anatakiwa ajieleze. Kisanduku kimoja cha kuandika idadi iliyotolewa kingezuia yote hayo. Mfamasia aliyekaa kwenye kikao cha hotelini pengine hakusema, kwa sababu hakuna aliyemuuliza nini hutokea fedha isipotosha, na kwa sababu mwongozo unasema dozi itolewe kamili.

Sasa taarifa hizi zinapatikanaje? Zipo njia zinazojulikana, na mpangilio wake una maana.

Anza na karatasi, kabla ya kumhoji mtu yeyote. Omba fomu na madaftari yaliyojazwa. Fomu tupu haikuonyeshi kitu zaidi ya matakwa ya aliyeichapisha. Chukua kurasa za daftari la MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya) la wagonjwa wa nje kutoka nyakati tatu tofauti: Jumatatu yenye msongamano, siku ya mwisho wa mwezi, na zamu ya usiku. Mistari mia mbili inatosha kuanzia. Kwa kila safu hesabu mara ngapi imeachwa wazi, mara ngapi imefutwa na kuandikwa upya, mara ngapi kuna maandishi yaliyobanwa pembeni. Safu inayoachwa wazi kila mara inakuambia mojawapo ya mambo mawili: ama taarifa hiyo haipatikani pale dirishani, ama hakuna mtu anayeitumia. Ukiigeuza kuwa ya lazima kwenye kompyuta, utajaziwa uongo. Zaidi ya yote, tafuta safu ambazo watumishi wamejichorea wenyewe kwa rula. Mtu aliyezidiwa na kazi hajiongezei safu bila sababu nzito.

Hapo kuna tahadhari ambayo wengi wanaipuuza. Madaftari hayo yana majina ya watu na magonjwa yao. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wanayo yao ya mwaka 2019, na zote mbili zinaziweka taarifa za afya katika kundi linalohitaji ulinzi wa pekee. Mchambuzi anayepiga picha kurasa za daftari kwa simu yake na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp la ofisini anavunja siri za watu waliomwamini daktari. Pata kibali cha maandishi, funika safu za majina na namba za simu kabla ya kunakili, na nakala zikishatumika ziharibiwe.

Baada ya karatasi, kaa pembeni utazame. Siku mbili au tatu kwa kila dirisha, ikiwemo asubuhi moja ya Jumatatu na usiku mmoja. Beba daftari na saa. Andika mgonjwa ameingia saa ngapi na ametoka saa ngapi, karatasi gani imetoka kwa nani kwenda kwa nani, karani ameinuka mara ngapi na amemfuata nani, nani amechungulia dirishani kuuliza nini. Usimkatize anapohudumia, weka alama, umuulize akitulia. Siku ya kwanza watu hufanya kazi kwa kufuata taratibu kwa sababu wanatazamwa. Siku ya pili wanakusahau kidogo, na hapo ndipo kazi halisi inapoonekana. Utamwona muuguzi akitumia nywila ya mwenzake, na badala ya kukimbilia kuandika kwamba usalama umekiukwa, pima muda. Kama kutoka na kuingia upya kunachukua dakika mbili, na kompyuta moja inatumiwa na watu wanne wanaopokezana, jibu umelipata: mfumo mpya lazima umruhusu mtu kuingia kwa sekunde chache, vinginevyo nywila itabandikwa ukutani.

Kutotazama kazi ilivyo kumewagharimu hata wenye fedha na utaalamu mwingi. Oktoba 1992 huduma ya magari ya wagonjwa ya London iliwasha mfumo mpya wa kompyuta wa kupanga magari. Ulikuwa umenunuliwa kwa bei ya chini ya pauni milioni moja na kujengwa kwa ratiba ya mbio. Mfumo ule ulitegemea kompyuta ijue wakati wote kila gari liko wapi na lina hali gani. Kwa uhalisia mawasiliano ya redio yalikatika katika baadhi ya maeneo, na wahudumu waliokuwa wakikimbizana na mgonjwa hawakubonyeza vitufe kwa mpangilio uliotarajiwa. Kompyuta ikaanza kutuma gari lililo mbali au magari mawili mahali pamoja, ujumbe wa tahadhari ukarundikana kwenye skrini, wananchi wakapiga simu mara ya pili na ya tatu kuuliza gari liko wapi, na simu hizo zikazidi kuulemea. Chumba cha udhibiti kilikuwa kimepangwa upya na karatasi zimeondolewa, hivyo watumishi hawakuweza kusaidiana kama walivyozoea. Ripoti ya uchunguzi ya Februari 1993 ilieleza, pamoja na mambo mengine, kwamba watumishi hawakushirikishwa vya kutosha na hawakuwa na imani na mfumo. Siku moja ndani ya gari pamoja na wahudumu ingetosha kumwonyesha mbunifu kwamba vitufe havitabonyezwa kwa utaratibu wake.

Mahojiano yaje baada ya kutazama, maana sasa unajua cha kuuliza. Yafanyike mahali pa kazi, si ofisini kwa bosi, kwa muda wa dakika 30 hadi 45, wachambuzi wakiwa wawili: mmoja aulize, mwingine aandike. Mkuu wa kitengo asiwepo. Kwetu mdogo hambishii mkubwa mbele za watu, na muuguzi wa zamu akiona bosi wake ameketi pale atasema yaliyo kwenye mwongozo. Mhoji mkuu peke yake, kwa heshima yake na kwa muda wake. Vivyo hivyo mtumishi mzee mwenye miaka mingi kazini asihojiwe pamoja na vijana wa mafunzo kwa vitendo, vijana watanyamaza.

Maswali yenyewe ndiyo yanayoharibu mahojiano mengi. Ukimuuliza mtu angependa mfumo ufanye nini, unamtwisha kazi yako. Atataja kitu alichokiona benki au kwenye simu yake. Ukimuuliza kama huwa anahakiki kadi ya bima kabla ya huduma, atajibu ndiyo, kwa sababu jibu sahihi analijua. Muulize juu ya tukio: mgonjwa wa mwisho mwenye bima uliyemhudumia, ilikuwaje tangu alipofika? Alitoa nini? Ukafanya nini? Nionyeshe ulipoandika. Kisha ingia kwenye mambo yasiyo ya kawaida, moja baada ya jingine: umeme ukikatika katikati ya malipo, kadi ya bima ikikataa, mgonjwa akitoroka bila kulipa, majibu ya maabara yakija daktari ameshatoka zamu, karatasi ikipotea. Kila ukipata jibu la "hapo huwa tunafanya tu", usiende mbele. Tulia hapo uulize mnafanyaje, nani anaruhusu, na kunaandikwa wapi. Hapo ndipo mifumo mingi inapofia.

Dodoso lina mahali pake, nalo hutumika vibaya kuliko kitu kingine chochote. Linafaa pale ambapo una vituo mia mbili na tayari unajua majibu yanayowezekana: kompyuta mnazo ngapi zinazofanya kazi, umeme hukatika mara ngapi kwa wiki, intaneti ni ya waya au ya laini ya simu. Halifai kugundua jambo usilolijua, kwa kuwa mtu hawezi kuweka tiki kwenye jibu ambalo hukuliandika. Lijaribu kwanza kwa watu watano hadi kumi, ukae nao wakijaza, uone swali gani linawafanya waulizane. Na liwe kwa Kiswahili. Nimeona madodoso ya Kiingereza yakipelekwa kwa wahudumu ambao siku nzima wanafanya kazi kwa Kiswahili. Wanayajaza kwa kuangaliziana, na kurasa ishirini zinarudi zikiwa na majibu yanayofanana.

Kuna hofu pia, na haiondoki kwa hotuba. Mtumishi anayeulizwa kila hatua ya kazi yake anawaza mambo mawili: kompyuta itachukua ajira yangu, au wamekuja kutafuta mianya ili wanikamate. Mchambuzi aseme wazi mwanzoni anakusanya nini, nani atasoma, na kwamba maelezo yataandikwa kwa cheo cha kazi bila jina. Kisha atimize. Ikitokea mara moja tu maneno ya mtoa dawa yakafika kwa mganga mfawidhi yakiwa na jina lake, dirisha lote litafungwa midomo, na utarudi na taarifa safi zisizo na ukweli ndani yake.

Ukishakusanya, rudisha. Andika ukurasa mmoja kwa kila kazi, kwa lugha ya kawaida, uende ukamsomee aliyekueleza: hivi ndivyo nilivyoelewa, nimekosea wapi? Halafu chora skrini kwa penseli kwenye karatasi za A4, kila ukurasa wa mfumo karatasi yake. Mpe karani kisa cha kweli, mathalani yule kichanga asiye na jina, umwambie asajili kwa kuandika kwenye karatasi na kugusa vitufe vilivyochorwa, wewe ukimbadilishia karatasi kama kompyuta ingefanya. Usimsaidie. Anapositasita, weka alama. Fanya hivyo na watu watano au sita kutoka zamu tofauti na kasoro kubwa nyingi zitajitokeza. Kurekebisha mchoro ni kazi ya kifutio na dakika moja. Kurekebisha jambo hilohilo baada ya programu kukamilika ni wiki kadhaa, na mkandarasi atadai nyongeza ya malipo, kwa haki kabisa, maana halikuwemo kwenye mkataba.

Wakati mwingine watumiaji wenyewe watapingana. Daktari anataka maelezo marefu ya mgonjwa, karani anataka machache ili foleni isogee. Mhasibu anataka malipo kabla ya huduma, muuguzi wa dharura hawezi kungoja. Mchambuzi asiamue kimya kimya kwa kumpendelea aliyesema kwa sauti kubwa. Aandike pande zote mbili na gharama ya kila upande, apeleke kwa uongozi uamue kwa maandishi. Mgongano ulioachwa bila kuamuliwa huja kuamuliwa na kijana anayeandika programu, usiku, akiwa peke yake, bila kuwahi kufika kituoni.

Hata baada ya yote hayo, majaribio katika kituo kimoja kwa mwezi mmoja hayaepukiki, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu hawezi kukueleza mpaka ashike kitu chenyewe mkononi. M-Pesa ni ushahidi wa karibu. Majaribio yake yalipoanza Kenya mwaka 2005, kwa wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, lengo lilikuwa mkopaji arejeshe mkopo wake kwa simu. Waliofuatilia matumizi waliona watu wakiitumia kwa mambo mengine: wakitumiana fedha, wafanyabiashara wakilipana, wengine wakiweka fedha kabla ya safari na kuzitoa wafikapo. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kilichotangulizwa kilikuwa kutuma pesa nyumbani. Hakuna dodoso ambalo lingeleta jibu hilo, na jibu lenyewe lisingekuwa na faida kama wasimamizi wangeng'ang'ania mpango wa awali.

Najua jibu la wanaoandaa zabuni: hakuna muda, hakuna bajeti. Lakini kwa kituo cha afya cha kawaida chenye madirisha matano, kazi niliyoieleza ni ya wachambuzi wawili kwa wiki nne hadi sita. Fedha za kikao cha hotelini tayari zingelipia sehemu yake. Kinachokosekana ni kifungu kwenye zabuni. Leo mzabuni anatakiwa ataje bei ya mfumo mzima kabla hajajua kazi inakwendaje, kwa hiyo anayeweka wiki sita za kukusanya taarifa anaonekana ghali na kushindwa na aliyeweka siku mbili.

Ninachoomba kwa taasisi zetu ni kutenganisha. Awamu ya kwanza iwe na mkataba wake na malipo yake, na matokeo yake yatajwe kwa majina: hesabu za safu za madaftari, kumbukumbu za kutazama kwa kila dirisha na kila zamu, orodha ya mambo yasiyo ya kawaida na yanavyoshughulikiwa, skrini za karatasi zilizojaribiwa pamoja na kasoro zilizoonekana, na maamuzi ya uongozi juu ya migongano. Taarifa hiyo iwe mali ya taasisi, ili yeyote atakayeshinda zabuni ya ujenzi aitumie. Na kabla malipo ya awamu hiyo hayajatoka, isainiwe na mganga mfawidhi pamoja na karani, muuguzi na mtoa dawa mmoja mmoja kutoka kila zamu, baada ya kusomewa sehemu inayowahusu.

Mchambuzi wa mifumo ya kompyuta,
Dodoma